Bi Pimbi na Milango Kumi ya Seva

"Mpo?"

"Tupo."

"Na masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo, mawili mawili."

"Basi yategeni. Atakayesinzia nitamwamsha, ila kurudia sirudii."

Hapo kale, si kale sana maana umeme ulikuwa umeshafika, wanyama wa bondeni walikuwa na seva yao. Seva ni kompyuta kubwa ya kutunzia vitu vya watu wote. Ilikaa ofisini kando ya mto ikinguruma, nguu, nguu, nguu, na ndani yake kulikuwa na folda za pamoja. Kila mnyama alikuwa na kompyuta yake nyumbani, na waya uliotoka kwake mpaka ofisini. Akitaka kitu chake alipiga hodi kwenye seva, nayo ikamwambia karibu.

Msimamizi wa seva alikuwa Bwana Kiboko. Mwili wake nyumba, tamaa yake ghorofa.

Kule kichakani aliishi Digidigi na binti yake Sikitu. Mama Sikitu alifariki mtoto hajasimama vizuri. Alipokuwa anaumwa alirekodi sauti yake, akamwachia mwanawe, akaiweka kwenye folda ya pamoja, kwa sababu kompyuta yao ya nyumbani ilikuwa ya kuungaunga na haikuweza kutunza kitu. Baba Sikitu alikuwa akiisikiliza mwenyewe mara mojamoja. Husikiliza maneno mawili matatu, moyo ukamshinda, akazima.

Sasa Sikitu amekua. Kila siku anauliza, "Baba, mama alikuwa anaongeaje?" Na sasa ndipo folda haifunguki.

Nanyi mjue, seva ile ilikuwa na desturi yake. Kitu kisichofunguliwa kwa siku tisini, inakifuta. Sauti ya Mama Sikitu ilikuwa imefikisha siku ya tisini leo hii. Ikigonga saa kumi jioni, basi tena.

Mchana huo Bi Pimbi akapita kuomba majani ya kutafuna. Bi Pimbi ni kadogo, mkia hana, lakini maneno anayo. Akamkuta Digidigi ameinamia kompyuta, macho mekundu.

"Baba Sikitu, kuna nini?"

"Folda, dada yangu. Napiga hodi, seva haijibu."

"Waya umechomeka?"

"Umechomeka."

"Nenosiri unalikumbuka?"

"Ni jina la mke wangu. Nitalisahauje?"

"Majirani wanaingia?"

"Swala haingii. Kima haingii. Bwana Kiboko anasema mtandao ni mbovu."

"Na hodi unapiga ngapi?"

Digidigi akamshangaa. "Tatu. Mtu anapiga hodi tatu, asipojibiwa anaondoka. Nimelelewa mimi, Bi Pimbi."

"Mimi sikulelewa," akasema Bi Pimbi. "Sogea."

Akapiga hodi. Ti. Kimya. Akapiga hodi. Ti. Kimya. Akapiga hodi. Ti. Kimya jii. Digidigi akaanza kunyanyuka aende zake, kwa mazoea. Bi Pimbi akapiga ya nne. Ti. Akangoja. Akang'ata kucha, akangoja.

Seva ikajibu kwa maandishi, maneno ya mtu aliyechoka: "Nipo. Milango yangu ni kumi na yote ina mtu. Mlango wa kwanza, Kiboko. Mlango wa pili, Kiboko. Mlango wa tatu, Kiboko." Ikaendelea hivyo mpaka wa kumi.

"Mtandao ni mzima," akasema Bi Pimbi. "Kuna mtu mmoja amekaa kwenye viti kumi. Baba Sikitu, wewe kaa hapa upige hodi, usihesabu. Ukijiona umekosa adabu, endelea."

Akakimbia, ta, ta, ta, mpaka ofisini.

Alimkuta Bwana Kiboko katikati ya kompyuta kumi, zote zimefunguliwa, zote zimeingia kwenye seva. Hii anaiacha wazi asije mtu akamchukulia nafasi, hii anaiacha wazi ili awe na akiba. Alikuwa akiweka picha zake. Kiboko akipiga miayo asubuhi. Kiboko akipiga miayo mchana. Kiboko akipiga miayo, upande wa kushoto.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Mtandao ni mbovu."

"Najua, pole na kazi. Nilikuja kwa ajili ya ule mlango mpana, lakini naona hujaambiwa. Basi, nisije nikaitwa mmbea." Akageuka, ta, ta, ta.

"Wewe Pimbi. Rudi hapa. Mlango gani?"

"Hii kumi si ni ya watu wembamba? Upo mpana, wa mtu mmoja. Hauna foleni wala hodi. Hauonekani tu mpaka hii midogo ifungwe."

Kiboko akatazama kompyuta zake kumi kwa huruma. Akafunga mlango wa kwanza, kwaa. Akafunga wa pili, kwaa. Akafunga wa tatu, kwaa, akahema. Alipofika wa kumi akaukumbatia kabisa.

"Huu siufungi."

"Usiufunge," akasema Bi Pimbi. "Mmoja ni haki yako, kama ya kila mtu."

Akasogea kwenye kompyuta ya Kiboko, akatengeneza folda humohumo ndani ya kompyuta hiyo, si kwenye seva, akaiandika kwa herufi kubwa MLANGO MPANA WA BWANA KIBOKO. Kiboko akaigusa. Ikafunguka papo hapo.

"Mbona upesi hivi?"

"Kwa sababu iko karibu sana na wewe."

"Na humu ndani hamna mtu?"

"Hamna, wala hatakuja."

Kiboko akafurahi, akatumbukiza picha zake zote, chubwi, chubwi, chubwi. Hakuangalia nyuma.

Kule kichakani saa kumi kasoro dakika tano, Digidigi alikuwa anapiga hodi huku anaona aibu, anapiga hodi huku anaomba radhi. Seva ikasema, "Karibu."

Akamwita Sikitu, akampakata. Sauti ikatoka: "Sikitu, mwanangu," ikakatika, ikasikika pumzi nzito puani, fyu, fyu. Digidigi akanyoosha kwato azime, kama kawaida yake.

"Usizime, baba."

"Mama yako analia, mwanangu. Mimi siwezi."

Sikitu akatega sikio. "Halii," akasema. "Ana mafua."

Sauti ikaendelea: "Usile majani ya kando ya barabara, yana vumbi. Baba yako atakwambia matamu. Baba yako hajui majani, anajua kupenda tu." Halafu Mama Sikitu akapiga chafya, chyaa, akacheka mwenyewe, kicheko kirefu, mpaka rekodi ikaisha anacheka.

Kila mara Digidigi alikuwa akizima kabla ya hapo. Miaka yote alijua mkewe aliondoka akilia. Akamkumbatia binti yake, akalia yeye, na Sikitu akamwambia, "Rudisha, baba. Pale anapocheka."

Akarudisha. Wakasikiliza mpaka giza likaingia, na kila walipofika kwenye chafya, baba alimtangulia mtoto kucheka.

Hadithi nimeitua hapa. Ikiwa imenoga gawaneni, ikiwa haina chumvi niachieni nile mwenyewe.

Na mafunzo yake, wanangu, ni kwamba mkubwa hadanganywi. Anayemdanganya mkubwa hapati usingizi. Bi Pimbi siku ile alilala mapema, akakoroma hadi majirani wakahama, lakini huyo msimuige, nimeshawaambia hakulelewa.