Baiskeli ya Mbonea

Macho husoma, haja hukumbuka. Mmemsikia shangazi yenu akimsuta mumewe kwa kauli hiyo, mkaangua kicheko. Haichekeshi, wajukuu zangu. Kaeni niwaambie ilikotoka, kisha mcheke tena mkiweza.

Huku kwetu Upareni, barua ilisomwa mara moja tu mbele ya nyumba nzima, kisha ikachomekwa kwenye nyasi za paa la jiko. Kuirudia kulikuwa kumtilia shaka aliyeandika. Basi ikaja barua ya Mbonea, mwana wa kwanza wa Mzee Mrutu, aliyekuwa akikata mkonge kule bondeni. Mwalimu wa kijiji akaisoma yote, polepole.

Katika yote yaliyosomwa, Mzee alibaki na mabati kichwani: Mbonea amenunua, yako stesheni. Elinami, mdogo mtu, alibaki na baiskeli: ni yangu, nikaichukue. Mama alibaki na masika: mwanangu anarudi kabla ya mvua.

Elinami akashuka stesheni, akayapakia mabati kwenye lori, mwenyewe akarudi na baiskeli akipiga kengele njia nzima. Kambi alikolala kaka yake ilikuwa ng'ambo ya reli tu. Hakuvuka, wala hakuna aliyemtuma avuke.

Mzee akaezeka nyumba. Mama akafagia chumba. Masika yakaingia, na Mbonea akaletwa ndani ya jeneza.

Matangani Mzee akalalamika kwamba mwanawe aliwaficha ugonjwa. Mwalimu akanyanyuka, akaichomoa barua kule jikoni.

"'Baiskeli achukue Elinami,'" alisoma, "'kifua hakiniruhusu tena kuiendesha. Mabati yako stesheni. Mtu anifuate kambini kabla ya masika, natema damu.'"

"Hayo umeyaongeza wewe!" Mzee alifoka.

"Niliyasoma, mzee wangu, nanyi nyote mkiwapo. Nilipomwona Elinami akishuka, nikajua amemfuata kaka yake."

Mama hakulia. "Usimwonee mwalimu, baba Mbonea," alisema. "Macho yake yalisoma. Haja zetu ndizo zilizokumbuka."

Mpaka anakufa mama yule hakulala chini ya mabati yale; alilala jikoni, chini ya paa la nyasi. Elinami, na hili linaniuma hadi leo, aliendelea kuipanda ile baiskeli, na kengele akaipiga kama kawaida. Nanyi mkipata barua ya mtu, jiulizeni kwanza mnataka nini kwake. Macho husoma, haja hukumbuka.