Mwambie Mwanao

Hapo zamani za kale, kabla hata babu zenu hawajajifunza kununa, Kifaru aliishi na mkewe na mtoto wao mmoja, Kipembe. Macho ya Kifaru yalikuwa mabovu. Ukisimama hatua chache tu, kwake wewe ni kivuli. Kilichokuwa kizima ni pua.

Nyumba ile ilikuwa na desturi, labda hata kwenu ipo. Baba hakusema na mtoto moja kwa moja.

"Mama Kipembe, mwambie mwanao afunge mlango."

Na Kipembe yuko palepale, anasikia kila kitu. Anangoja mama amwambie ndipo afunge. "Mama, mwambie baba nimefunga."

Basi mama akafa. Matanga yakaisha, wakabaki wawili mezani, uji unapoa. Kila mmoja ana neno, wa kulibeba hayupo.

Nguchiro akanusa nafasi ya kazi. Mdogo, mwepesi, hana digrii wala mjomba serikalini. Akaingia chwi chwi chwi hadi mezani.

"Shikamoo mzee, pole na msiba. Maneno ya humu ndani nitabeba mimi. Mshahara sitaki, nikombe sufuria tu."

"Afadhali," akasema Kifaru. Ajira tayari. CV hakuulizwa.

Siku moja mwiba ukamchoma Kipembe mguuni, ukakatikia ndani. Akajilaza chumbani kwake.

"Nguchiro, mwambie baba mguu unaniuma. Leo siwezi kuja mezani."

Nguchiro akaona bakuli limebaki bila mwenyewe. Mbio hadi kwa mzee.

"Mzee, sorry kukwambia. Mwanao anasema uji wako ni maji matupu. Haji kula."

Kifaru akaunusa uji wake. Uji ule alikuwa ameukoroga mwenyewe, mara ya kwanza maishani mwake, na moto ukamuunguza.

"Mwambie sawa. Lakini mpelekee bakuli lake, huenda akaonja."

Bakuli likafika nyuma ya nyumba. Fyooo! Kwisha. Nguchiro akajifuta mdomo, akarudi chumbani.

"Baba amesemaje?"

"Amesema sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa tu, bro. Ila uache kudeka, mama yako hayupo tena."

Ikawa hivyo kila siku. Nguchiro tumbo mbele, Kipembe mbavu nje. Mguu ukavimba, ukaanza kutoa usaha.

"Mwambie baba nashindwa hata kukanyaga."

"Mzee, mwanao amechoka na nyumba hii. Anataka kuhama."

Kifaru akaweka mwiko chini. Alitaka kusema abaki.

"Mwambie..." Akaushika tena mwiko. "Mwambie aende salama."

Neno hilo Nguchiro hakulibadili hata kidogo.

"Baba amesema uende salama."

Alfajiri Kipembe akajikokota kwa miguu mitatu hadi mtoni.

Kulipokucha, Kifaru akaenda kukunja jamvi la mwanawe. Pua ikakutana na harufu ya donda. Akainusa tena. Akatoka nayo mlangoni, akaifuata njia nzima hadi kwenye tope la ukingoni, ambako kivuli kimoja kidogo kilikuwa kinatetemeka kwa homa.

"Kipembe. Ni mguu?"

Mtoto akageuza kichwa polepole, kumtafuta aliyetumwa. Hakukuwa na mtu.

"Unaniambia mimi, baba?"

"Nakuambia wewe."

"Unaniuma tangu kitambo. Nilikwambia."

Kifaru akalala tope lilelile, ubavu kwa ubavu naye. Akamweleza habari ya uji, moto ulivyomuunguza. Akamweleza jinsi mama yake alivyokuwa akimcheka yeye, baba mtu. Akasema mengi kuliko aliyowahi kusema maisha yake yote, na kwa macho yale mabovu hakuona mtoto alipoacha kusikia.

Nguchiro? Alikuwa ameshapata kazi kwingine. Nyumba za namna ile hazikosekani.

Wazazi na watoto, semezaneni wenyewe, kwa midomo yenu, mguu ukiwa bado mzima.