Arobaini za Mama Chura

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walilima na kuoza binti zao kama sisi, palikuwa na kinamasi chenye matete marefu. Humo aliishi Mama Chura, mdogo wa kutosha kiganjani mwako.

Asubuhi moja akasikia ti! ti! ti! Nyati na Tembo hao, majembe begani. Walitaka kuchimba mtaro, maji yote yatoke, wapande mahindi. Mama Chura akayatazama mayai yake yaliyoelea kwenye matete. Maji yakitoka, wanawe wamekwisha.

Akaruka chubwi, akawatokea mbele, akawaamkia kwa adabu.

"Shikamooni, baba zangu. Nimejifungua jana."

Mila ya huko ni hii: jembe haligusi ardhi jirani na nyumba ya mzazi mpaka arobaini itimie. Nyati alikuwa na nguvu, lakini alilelewa vizuri. Akampa pongezi, akamvuta Tembo, wakarudi kwao.

Arobaini ilipotimia wakaja tena. Mama Chura akawaambia dada yake kajifungua alfajiri. Arobaini nyingine. Ikapita hiyo, akajifungua shangazi. Tembo akanung'unika kwamba ukoo huu hauchoki kuzaa, lakini afanyeje? Mwanamume haingii chumba cha mzazi kukagua.

Kiangazi kikaingia. Mto ukakauka, visima vikabaki tope. Mchana mmoja Nyati akaja peke yake, bila jembe. Ndama wake alijikokota nyuma, ulimi nje, miguu inatetemeka.

Kinamasi kilikuwa bado na maji, maana hushika maji ya masika na kuyaachia polepole. Mama Chura hakumsimanga. Akayasogeza matete, ndama akanywa gu, gu, gu, mpaka akaweza kusimama vizuri.

Mama Chura moyo ukamsuta.

"Baba, nisamehe. Sina dada wala shangazi. Nilikudanganya."

Nyati alikuwa akimtazama mwanawe, ambaye sasa alicheza majini na vyura wadogo.

"Ungeniambia ukweli, mama," akasema taratibu, "ningechimba."

Hadithi yangu naiacha hapo majini, nanyi shikeni neno hili: akaushaye kinamasi hukausha kinywa cha mwanawe.