Twiga Aliyebadilishwa kwa Swala Wawili

Mwaka ule mvua ilipotea njia, kikabaki kisima kimoja. Wanyama wa Bondeni na wa Mlimani walipochoka kung'atana, wakakubaliana kucheza mpira wa kikapu: watakaoshinda watatangulia kunywa mpaka masika, watakaoshindwa watakunywa tope.

Vikapu vilikuwa vya ukindu, vimetundikwa juu ya nguzo, na vyote viwili vilikuwa na vitako. Hakuna aliyekubali kuvikata. "Kikapu hakitobolewi mwaka wa njaa," walisema. Basi katika mazoezi, kila mpira ulipoingia, Twiga wa Bondeni aliuchomoa kwa meno na kuutema uwanjani, ndipo bao likahesabiwa. Aliwatolea hata Mlimani, kwa adabu tu; na kwa kuwa ilikuwa adabu, hakuna aliyeiona kuwa kazi.

Lakini Twiga alikuwa amezeeka. Magoti yalilia kama mlango mbovu, na siku moja alisinzia wima akiwa na mpira.

Fisi, msimamizi wa timu, akamwendea nahodha Simba. "Bwana mkubwa, Mzee Twiga amechakaa. Sungura wa Mlimani anamtaka. Atatupa swala wawili, mabarobaro, wanaruka hata usingizini."

"Sungura anamtakia nini mzee?"

"Huruma, bwana. Sungura ana huruma."

Hakusema kwamba ameahidiwa paja la nyati. Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Timu yenye mimi haimhitaji mwingine. Mpeleke."

Twiga alipoambiwa, alimaliza kwanza jani alilokuwa akitafuna. Kwenye shingo ile, maneno huchelewa kufika. "Nimezaliwa bondeni hapa," akasema. "Lakini kama mmekwisha kuniaga, kwaherini."

Siku ya mchezo mwamuzi alikuwa Nungunungu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumsukuma. Mlimani wakatumbukiza la kwanza. Twiga akachomoa mpira, bao likahesabiwa. Kisha swala mmoja akaruka, akatumbukiza la Bondeni. Wakashangilia, halafu wakatazama juu. Mpira ulikuwa ndani, nao ulikuwa huo mmoja tu.

"Mzee, tutolee," Simba akaita.

Twiga akainua shingo. Sungura akakohoa. "Babu, wewe ni wa kwetu sasa. Kila upande utoe wake."

"Ni haki," Nungunungu akasema, akitazama kivuli cha nguzo, ambacho ndicho kilikuwa saa yake.

Swala wakaruka, wakaufikia mpira, lakini kwato hazishiki. Simba hakukubali kukanyagwa mgongoni. "Fisi, mleta swala, panda wewe."

Fisi akapanda, akaingiza kichwa, kichwa kikanasa. Alipopapatika, paja alilokuwa amelifunga tumboni, maana hakumwamini yeyote kumlindia, likaanguka miguuni pa Simba.

Simba akalinusa. "Hii ndiyo huruma ya Sungura?"

"Bwana," sauti ikatoka kikapuni, "humu ndani hakusikiki vizuri."

Kivuli kikafika mstarini, mchezo ukaisha. Twiga akamwomba Sungura ruhusa, akamchomoa Fisi kwa mkia. Nungunungu akafikiri sana. "Fisi si mpira," akaamua. "Bao halihesabiwi."

Mlimani wakatangulia kisimani. Bondeni wakapanga foleni ya tope, Fisi nyuma kabisa. Simba akamsogelea Twiga, aliyetanua miguu akinywa polepole.

"Mzee, rudi nyumbani."

"Ngoja kwanza maji yafike, mwanangu," Twiga akasema, na kwenye shingo ile yalichukua muda mrefu.

Tangu hapo, wa Bondeni wakitema tope huambiana: usiache mbachao kwa msala upitao.