Kinyonga na Chipu Iliyojua Kitu Kimoja

Paukwa!

— Pakawa...

Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Paukwa!

— PAKAWA!

Haya. Palikuwa na kijiji chenye sola moja, betri moja na shamba moja la mahindi. Kiboko, msimamizi wa umeme, akaleta mlinzi: kompyuta kubwa kama friji, yenye kamera. Jani likitikisika, inatazama. Nzi akipita, inatazama. Feni vuuu, vuuu! Ikifika saa sita mchana, betri pyuu, imezima. Alasiri mahindi yanaliwa. Kila siku!

"Ngedere hao," akasema Kiboko, mdomo umejaa. "Kesho kutwa wahame."

Mama Ngedere akalia. Ana watoto wanne, aende nao wapi?

Jirani yake Kinyonga akaja, mdogo mdogo, na kijikamera chenye chipu, ndiyo akili yake, ndogo kama ukucha.

"Bwana Kiboko, naomba umeme. Chembe tu."

"Hicho kinaona nini?"

"Kitu kimoja tu, bwana. Tena hakijafundishwa. Kinajifunza kwa picha, nami sijapata mnyama mwenye sura nzuri."

Kiboko akanyoosha shingo, ile asiyokuwa nayo. "Nipige mimi!"

Kwa mbele, chwa! Kwa ubavu, chwa! Kwa nyuma, chwa! "Sasa ukiwa unakula, bwana." Chwa! Picha mia mbili, na kila picha Kiboko anauliza kama ametoka vizuri. Jamani! Mwizi huyo!

Kesho yake saa sita, kompyuta pyuu. Chipu haikuzima. Haina haja na jani, haina haja na nzi. Chembe ya umeme iliyowekewa kando asubuhi inaitosha mpaka jioni. Saa tisa, shambani, kwacha, kwacha!

"Pii! Kiboko! Pii! Kiboko!"

Kijiji kizima kikatoka mbio. Kiboko, punje puani, akafoka: "Inakosea hiyo!"

"Inakosea vipi," akasema Kinyonga, "na umeifundisha mwenyewe?"

Kiboko akafukuzwa, akarudi mtoni. Mama Ngedere akabaki na wanawe.

Halafu kikao kikakaa. Mnadhani walichagua chipu? Hata! Walinunua kompyuta kubwa mara mbili ya ile ya kwanza, eti ile haikumwona Kiboko kwa sababu ilikuwa ndogo. Hiyo mpya inazima saa nne asubuhi. Nimechoka mimi!

Hadithi yangu imeishia hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko.

Funzo? Kikubwa ndicho kinachoona. Kawaulizeni wenye shamba, kama bado wana hindi.