Chai ya Saa Nne kwa Mama

Wapendwa, mnaijua chai ya saa nne. Sisemi ile ya kazini, kikombe mkono mmoja na andazi mkono wa pili huku umesimama. Nasema ile ya siku ya mapumziko, ambayo si chai tena na bado si chakula cha mchana. Supu ipo, chapati zipo, viazi vitamu vipo, na hakuna anayeangalia saa. Leo nataka niwaambie habari za chai ya namna hiyo.

Kulikuwa na kijana mmoja, fundi wa kuchomelea mageti, katika mji wa huku kwetu kwenye baridi. Mama yake alikuwa mjane. Alimlea peke yake kwa kuuza nguo za mitumba, na kila alichokipata alikiingiza kwa mtoto huyo. Kijana akakua, akapata mchumba, akamleta nyumbani. Mama akamkataa. Sababu yenyewe ni hii: yule dada alikuwa ameolewa mahali pengine kwanza, ndoa ikavunjika, akarudi kwao. Mama akasema mbele ya ndugu, "Kuoa utaoa, sina nguvu za kukuzuia. Lakini chakula cha mkono wake hakitapita kooni mwangu."

Msimchukie mama huyu. Wangapi humu tumeshasema maneno kwa hasira, halafu tukayalinda miaka kwa sababu tu tuliyasema mbele za watu?

Basi kijana akaoa, na mama akashika neno lake. Hakukanyaga nyumba ile. Mtoto alipozaliwa alituma kanga kupitia kwa mtu, mwenyewe hakufika. Kijana akawa anakwenda kumwona mama peke yake na kurudi peke yake, na njia nzima anajiuliza yeye ni wa nyumba ipi.

Siku moja mkewe akamwambia, "Mama amekonda. Nilimwona sokoni. Mwite umpikie."

"Nani ampikie? Unajua alivyosema."

"Nimesema wewe. Alikataa mkono wangu, hakukataa wako."

Kijana akacheka. Mtu huyu hata kuchemsha yai kulikuwa kunamshinda, litapasuka tu. Lakini mkewe hakuwa anatania. Jioni kijana akitoka kazini, mkewe anamsimamisha jikoni, anamfundisha kukanda unga. Yeye hagusi. Anasimama pembeni na kusema, "Bado mgumu, ongeza maji kidogo. Sasa uache upumzike. Usisukume kama unanyoosha bati." Chapati za kwanza waliwapa kuku. Zilizofuata wakala wenyewe kwa kujikaza. Mwishoni zikaanza kuwa chapati.

Kijana akaenda kwa mama. "Jumamosi njoo kwangu unywe chai ya saa nne."

"Chai ya nani?"

"Yangu. Nitapika mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho."

Mama akamtazama sana. "Wewe? Uji tu ulikuwa unaunguza." Kisha akaangalia pembeni. "Haya. Kama ni wewe, nitakuja."

Jumamosi ikafika. Kijana kaamka mapema, jogoo wa kienyeji yuko jikoni, maziwa yanachemka, tangawizi imetwangwa. Mara anamwona mkewe amejifunga mtoto mgongoni, amevaa sweta, yuko mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Hapo kwa jirani."

"Mama anakuja nyumbani kwetu, na wewe unatoka?"

Mkewe akasema, "Akinikuta hatakula. Wewe umehangaika wiki nzima. Acha ale ashibe, mengine yatakuja siku nyingine."

Ndugu zangu, kijana alikuwa na neno la kusema pale, na hakulisema. Aliitaka sana siku ile iende vizuri. Mke akatoka, akafunga mlango taratibu.

Mama akafika. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na kanga mabegani. Kijana akamnawisha mikono kwa maji ya moto, akamketisha kwenye kiti chenye mto, akaanza kuleta. Supu. Viazi vitamu. Maharage. Chapati zilizopishana ukubwa, moja imeungua ukingoni. Chai ya maziwa, ile nzito anayoipenda. Mama akaomba, akala. Akala kama mtu ambaye kwa muda mrefu amekuwa akijipikia mwenyewe na kula akitazama ukuta. Akaongeza supu. Akaongeza tena. Kijana moyo wake ukawa mkubwa hadi akashindwa kula cha kwake.

"Chapati hizi zinachambuka," mama akasema. "Nani kakufundisha?"

Kijana akammiminia chai. Kikombe kilikuwa bado kimejaa, ikamwagika kwenye sahani. Mama akaona, akaipangusa.

Wakiwa hapo wakasikia mtoto analia upande wa pili wa ua. Kilio cha mtoto aliyechoka, kinachopanda na kushuka. Mama akatega sikio. Mwanamke aliyelea anajua kilio.

"Mtoto huyo ana baridi," akasema. "Wa nani?"

Kijana akamsogezea sahani ya viazi.

"Nakuuliza, mtoto wa nani?"

"Ni wangu, mama. Ni mjukuu wako."

"Anafanya nini kwa watu asubuhi yote hii?"

"Yuko na mama yake. Alisema akikaa hapa wewe hutakula. Wako uani kwa jirani toka kabla hujafika. Na chapati… alinifundisha yeye. Jikoni leo hakushika kitu, lakini mambo yote alinifundisha yeye."

Mama akaweka kijiko chini. Akatazama ile meza. Kuna viti vingine pale, havina watu. Sijui alifikiri nini. Ninachojua ni kwamba mtu anaweza kushiba, na papo hapo akagundua ameshibia nafasi ya mwenzake.

Kijana akafikiri, basi, ataondoka. Siku imeharibika. Mama akainuka, akajifunga kanga vizuri, akatoka nje. Lakini hakushika njia ya kwake. Alikata kulia, akapiga hodi kwa jirani.

Yule mke alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa la mwenzake, mtoto mapajani. Alipomwona mama mkwe akasimama upesi, akadhani amekuja kugombana.

"Shikamoo, mama."

Salamu hiyo alikuwa amemtolea mara nyingi, sokoni na njiani, na mara zote ikapotea hewani.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema. Akanyoosha mikono. "Niletee huyo mtoto, ana baridi."

Akampokea, akamfunika kwa kanga yake mwenyewe. Halafu akasema, "Nilisema maneno mabaya juu yako mbele za watu. Sijui nitayafutaje. Lakini haiwezekani mimi niketi kwako nile, na wewe uombe moto kwa jirani. Twende nyumbani."

Wakarudi. Supu ilikuwa imepoa. Yule mke akaingia jikoni kuipasha, na mama alipopewa bakuli kwa mkono ule ule alioukataa, akalipokea kwa mikono miwili. Siwaambii kwamba tangu siku hiyo hawakukwaruzana. Walikwaruzana, ni watu. Lakini walikwaruzana wakiwa meza moja.

Sasa, wapendwa. Nilipoanza, najua wengi mlishajipanga. Kina baba mkasema, mchungaji anataka tuingie jikoni. Vijana mkasema, leo tunaambiwa tuwakumbuke mama zetu. Wakumbukeni, ni vizuri, mama wengine hapa hawajapikiwa chai na mtu yeyote mwaka mzima. Lakini sikuja na neno hilo leo.

Nimekuja kuuliza: nani yuko kwa jirani?

Tunajisifu kwamba kanisa letu lina amani. Kwaya inaimba, vikao vinakwisha bila kelele. Mimi nauliza, ni amani, au kuna watu wametoka ili sisi tule vizuri? Yule binti aliyekuwa anaongoza sauti ya kwanza, akapata mimba, akaacha kuja. Tulimfukuza? Hapana, hatukumfukuza. Tulimtazama tu, akaelewa. Yule ndugu aliyegombana na mzee mwenzetu kuhusu mpaka wa shamba, siku hizi anasali ibada ya kwanza kwa sababu huyu mwenzake anasali ya pili. Nasi tunasema, afadhali, wasikutane. Majumbani mwetu je? Kuna ndugu ambaye sherehe zikiwepo anasema ana kazi. Hana kazi. Anatuhurumia, anaondoka ili tusinune.

Watu hao si wabaya. Wengine ndio waliotufundisha haya tunayoyafanya leo na kusifiwa. Wameketi nje kwa upole, hawalalamiki, na upole wao tumeugeuza kuwa utulivu wetu.

Msingoje wapige hodi. Hawatapiga. Mtu aliyeondoka ili wewe ule hawezi kurudi mwenyewe, lazima aliyekaa mezani ainuke. Tena kijana na yeye asijifiche nyuma ya mama, maana wengi wetu hatukumkataa mtu, tulinyamaza tu mlango ulipokuwa unafungwa.

Sitaomba kwa sauti sasa. Nawapa kimya kidogo. Kila mmoja amtaje mtu huyo kwa jina, moyoni, mbele za Mungu. Na ukishalitaja jina, usiniulize tena mchungaji ufanye nini. Umeshajua nyumba ya kwenda.