Nani Abebe Picha ya Bibi Nakiete

Hapo zamani, ingawa si zamani sana, kwa sababu filamu za kamera zilikuwa zimekwisha sahaulika na simu za kupigia picha zimekwisha panda hata milimani Upareni, palikuwa na bibi mmoja aliyekataa kupigwa picha. Jina lake Nakiete. Hakuwa mkali. Hakuwa mshirikina. Hakuiogopa kamera. Alikataa tu. Ukimuuliza sababu, alikujibu, "Picha ya nini na mimi nipo? Ukitaka kunitazama, njoo unitazame."

Watu walikwenda, wakamtazama, wakapewa makande, wakarudi makwao.

Katika kijiji hicho hicho palikuwa na mpiga picha, jina lake Kiangi. Harusi alipiga yeye. Vipaimara alipiga yeye. Mahafali ya chekechea alipiga yeye, harambee ya mabati ya kanisa alipiga yeye, na ng'ombe wa mwalimu mkuu alipozaa mapacha aliitwa yeye. Katika shughuli zote hizo Bibi Nakiete alikuwepo, isipokuwa ile ya ng'ombe, na katika zote Kiangi alimkosa. Kwenye kipaimara alipata kiwiko chake. Kwenye harambee alipata kisogo chake. Kwenye mahafali alipata kanga yake, bila yeye. Hata kadi yake ya mpigakura, ambayo haitolewi bila picha, ilimwonyesha akiwa amefumba macho. Karani alimwomba afumbue, akafumba zaidi.

Bibi huyo alikuwa na mjukuu, Joyness, aliyelala naye kitanda kimoja tangu alipoachishwa ziwa hadi alipokwenda sekondari ya bweni. Joyness alipata simu mapema kuliko wenzake, na simu yenyewe ilikuwa na kamera nzuri. Siku moja aliiinua wakiwa wawili tu, wanachambua maharage. Bibi akamshika mkono. Hakuushika kwa nguvu.

"Joyness, mke mwenzangu, wewe usinipige picha."

Joyness akaishusha simu. Hakuiinua tena, siku ile wala siku nyingine.

Ikafika siku ya Joyness kuolewa. Mbele ya nyumba ya baba yake lilifungwa turubai. Chini ya turubai iliwekwa meza kuu. Mbele ya meza kuu ilisimama keki ya ghorofa, ambayo ghorofa yake ya chini ilikuwa boksi lililopakwa krimu, lakini hilo halikujulikana mapema. Nyuma ya nyumba yalikuwepo masufuria ya pilau, na kwenye masufuria alikuwepo Bibi Nakiete na mwiko wake.

Alikuwepo pia Babu Mlay. Babu Mlay alikuwa Mchaga, alikuja zamani kununua tangawizi, akabaki. Mchaga na Mpare ni watani, na hawa wawili walitaniana kila walipokutana, asubuhi mpaka jioni, kwenye raha na kwenye msiba. Siku ile Babu Mlay alikuwa akigeuza ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, na shati lake lilikuwa la mistari ya bluu. Nalitaja shati kwa sababu litarudi.

Joyness na mume wake wakashika kisu. MC akasema kwenye spika, "Tunakata keki! Mpiga picha asogee!"

Mpiga picha hakusogea. Kiangi alikuwa nyuma ya nyumba akibadilisha betri, maana mkoba wake aliuacha kwa wapishi, mahali pasipochezewa na watoto. Betri ikaingia, kamera ikawaka. Akageuka aondoke, akamsikia Babu Mlay.

"Nakiete, unaitazama hiyo nyama kama karani wa mahakama. Ikipungua mnofu mmoja utafungua kesi."

"Nikifungua, wewe Mchaga ndiye mshtakiwa wa kwanza."

"Na shahidi wako nani?"

Bibi Nakiete akanyoosha kidole, akakizamisha katika mistari ya bluu. "Shahidi ni hili tumbo!"

Akacheka. Alicheka kinywa wazi, macho wazi, mwiko juu, kidole kikiwa bado tumboni.

"Mpiga picha yuko wapi?" MC akauliza kwenye spika.

Kiangi alimsikia. Hili alilikiri mwenyewe baadaye: alimsikia vizuri kabisa. Mbele ya nyumba kulikuwa na keki, na keki ile ingekatwa mara moja tu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na uso alioufuata tangu aliponunua kamera. Akapiga. Mwanga ukawaka.

Bibi Nakiete akaacha kucheka. "Kiangi, umefanya nini?"

"Nimekupiga picha, bibi."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Bibi akakifuta kioo cha kamera kwa pindo la kanga, maana kilikuwa na moshi, akatazama. Alitazama muda wa kutosha pilau kuanza kuungua.

"Ifute."

Kiangi akaigeuza kamera, akabonyeza hapa na pale. "Tayari."

"Imefutika?"

"Imefutika."

"Ilikuwa imetoka vizuri?"

"Ilitoka vizuri, bibi."

"Haya," akasema Bibi Nakiete, akarudi kwenye sufuria.

Picha haikufutwa. Kiangi alibonyeza kitufe cha kupunguza mwanga.

Huku mbele, keki ilikuwa imekwisha katwa, imekwisha liwa, na boksi limekwisha onekana. Picha moja tu ya keki ilipatikana, nayo ilipigwa na shangazi kwa simu. Inamwonyesha MC, mkono juu ya macho, akimtafuta Kiangi. Joyness alilia kwa ajili ya picha ile. Katika albamu yake, baada ya pete, zinakuja zawadi. Katikati hamna kitu. Kiangi aliombwa aeleze alikuwa wapi, akasema betri, akanyamaza.

Mvua za vuli zilipoanza Bibi Nakiete aliugua, na kabla hazijakatika akafariki.

Sasa, kule wana desturi. Jeneza linapotoka nyumbani kwenda kaburini, mbele yake hutangulia mtu mmoja na picha ya marehemu katika fremu. Anayeibeba ndiye anayemwonyesha marehemu njia, na watu humkumbuka kwa hilo. Miaka ikipita watasema, "Fulani ndiye aliyembeba babu." Waliobeba jeneza lenyewe hawawataji.

Baba Joyness, mtoto wa kwanza wa marehemu, alitafuta picha nyumba nzima. Akapata kadi ya mpigakura. Wanaukoo wakaizunguka kadi.

"Amefumba macho," akasema mmoja.

"Kwani sasa hivi amefumbua?" akasema mwingine.

Wengine waliona jibu hilo lina mantiki, na walikuwa karibu kuipeleka kadi ikakuzwe, ndipo Kiangi akafika na kitu kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Akakifungua.

Bibi Nakiete akawacheka wote.

Nyumba nzima ililia. Walikuwepo watu waliokuwa hawajalia tangu msiba uanze, nao wakalia. Mwiko Kiangi alikuwa ameukata kwenye picha, sufuria ameikata, moshi ameupunguza. Lakini upande wa kushoto (wapo wanaosema kulia, ila picha ipo na ni kushoto) lilibaki tumbo la Babu Mlay, mistari ya bluu, kiasi cha kiganja. Kiangi alijaribu kuliondoa, akaona hawezi bila kukata kidole cha marehemu. Akaliacha.

Ndipo akaeleza yote: betri, MC, kitufe, na neno "imefutika". Hakuficha hata moja. Akamaliza kwa kusema, "Baba Joyness, sidai chochote. Naomba nimtangulie mimi."

Baba Joyness akafungua mdomo. Kabla hajasema, Joyness akasimama. "Baba, anayembeba bibi ni mimi."

Kutoka nje, kwenye viti, Babu Mlay akasema, "Jeneza halitoki bila mimi mbele."

Mchungaji akaitazama saa yake.

Kiangi akasema, "Mimi ndiye niliyeipiga. Bila mimi mngetangulia na mtu aliyelala. Nilimfuata kwenye kipaimara nikapata kiwiko, nikamfuata kwenye harambee nikapata kisogo. Siku nilipompata niliacha keki, na tangu hapo harusi za upande wa mumewe Joyness anaitwa mpiga picha kutoka Same mjini. Nilinyamaza. Ningesema nilikuwa kwa bibi, bibi angejua, na picha ingefutwa kweli. Nimeilinda kwa jina langu. Nimbebe."

Joyness akasema, "Mimi ndiye niliyemtii. Simu nilikuwa nayo kila siku, na bibi nilikuwa naye kila siku. Ningempata akicheka, akisinzia, akila muwa. Alisema nisimpige, sikumpiga. Leo sina hata picha moja ya aliyenilea, na huko kutokuwa nayo ndiyo heshima niliyompa. Keki yangu ilipotea, nimesamehe. Lakini huyu alimdanganya bibi yangu, bibi akiwa ameshika mwiko mkononi. Kama uso wake lazima utoke nje bila ridhaa yake, basi utoke mikononi mwa mtu ambaye hakumwibia."

Kiangi akasema, "Kutopiga picha nako ni kazi? Kata nzima haikumpiga. Kama hiyo ndiyo sifa, basi hata mchungaji abebe."

"Mimi msinitie," akasema mchungaji.

"Ulimdanganya, hukumdanganya?" akauliza Joyness.

"Nilimdanganya, Joyness. Na wewe umelia mbele ya nini asubuhi hii, kama si mbele ya uongo wangu?"

Joyness akaigeukia picha.

Babu Mlay akaingia ndani, akasema, "Mmemaliza? Mimi ndiye niliyemchekesha. Huyu ana kamera, vizuri. Huyu ana utii, vizuri. Kicheko mlikitoa wapi? Kiangi angepiga nini pale, sufuria? Mtani wangu miaka yote mlimwona akiikwepa kamera. Aliyemfanya asahau kukwepa ni mimi."

"Babu, pole," akasema Joyness, "bibi alijichekesha mwenyewe. Neno la tumbo lilikuwa lake."

"Neno lilikuwa lake. Tumbo lilikuwa la nani?"

Babu Mlay akaigusa fremu, upande wa kushoto. "Mimi nimo humu tayari. Akibeba yeyote kati yenu, tumbo langu linatangulia bila miguu yangu. Hilo ni jambo la ajabu kumfanyia mtu aliye hai."

Baba Joyness akauliza, "Na yale maneno aliyokuambia akiwa mgonjwa, Mlay? Mimi nilikuwa mlangoni, nilisikia. Alisema, 'Siku ya kunizika, wewe tumbo usinitangulie.'"

"Alisema."

"Sasa?"

"Sasa wewe ni Mpare, utani unaujua. Mtani akikuambia usile, anakukaribisha. Angekuwa hataki nimtangulie angenyamaza."

"Au alikuwa hataki," akasema Kiangi.

"Kumbe maneno ya bibi leo unayafuata, Kiangi?" akasema Joyness.

Mchungaji akaitazama saa yake tena, akaitazama mbingu pia, kwa sababu upande wa Same kulikuwa kumeanza kuwa kweusi.

Wakajaribu njia nyingine. Wabebe wote watatu? Njia ya kwenda kaburini inapita katikati ya matuta ya tangawizi, na ina upana wa mtu mmoja. Wapokezane? Desturi haina kupokezana, na anayeanza angekuwa amekwisha kuwa wa kwanza. Iwekwe juu ya jeneza? Njia inateremka sana. Abebe Baba Joyness mwenyewe? Mtoto wa kwanza hushika jeneza mbele, mkono wa kulia, na hakuna wa kumwachia. Picha ibaki nyumbani? Mama Joyness alipolisikia hilo aliikumbatia fremu, na ilichukua muda kumwachisha.

Basi wakanyanyua jeneza. Baba Joyness alikuwa ameliweka begani upande wake, na kwa mkono uliobaki ameishika fremu. Mbele yake wamesimama watatu. Kiangi amenyoosha mikono. Joyness amenyoosha mikono. Babu Mlay hajanyoosha, amesimama tu katikati ya njia, amevaa shati lile lile.

Mbebaji mmoja wa nyuma akasema, "Jamani, marehemu alikuwa mwembamba, lakini mbao hii ni mkangazi. Amueni."

Baba Joyness akaitazama picha. Mama yake alikuwa akicheka, macho wazi, kidole kimenyooka. Alitaka ampe binti yake, akakumbuka kwamba bila Kiangi asingekuwa na cha kumpa. Alitaka ampe Kiangi, akasikia sauti ya mama yake ikisema, "Imefutika?" Alitaka ampe Mlay, akakumbuka yale maneno ya mlangoni, na mpaka hapo hakuwa na hakika kama mama yake aliyasema akicheka. Alikuwa mlangoni. Uso hakuuona.

Mimi nimekisimulia kisa hiki kwa watu wengi, na kila mara wanagawanyika, na kila mara natoka pale nikiwa na wasiwasi kuliko nilivyoingia. Nanyi mmekisikia chote, hakuna nilichobakiza. Jeneza liko begani, mbao ni nzito, na tone la kwanza la mvua limeanguka juu ya kioo cha fremu. Semeni basi, upesi: fremu ile aishike nani?